Moto ndani ya mshipa: Uliza kabla hujachomwa

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Siku hizi moto umekuwa pia dawa ya miguu. Hapa Nairobi na katika miji mingine mikubwa, watu wenye mishipa ya damu iliyovimba na kujisokota miguuni huambiwa kwamba wakati wa kisu umepita. Mshipa sasa huchomwa kwa leza au kwa mawimbi ya redio, naye mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa miguu yake mwenyewe. Maneno hayo ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimewashauri wagonjwa wengi waifuate njia hiyo, na leo sina nia ya kumtisha mtu yeyote.

Hata hivyo, kuna jambo linalonisumbua. Mgonjwa akisikia neno leza, hudhani ni taa fulani inayomulikwa juu ya ngozi, na baada ya dakika chache mishipa ikatoweka kama madoa ya nguo yaliyopakwa sabuni nzuri. Hakuna anayemwambia kwamba huo ni moto hasa, unaoingizwa ndani ya mwili wake, na kwamba kazi ya moto huo ni kuua nyama iliyo hai. Rai yangu ni hii: mtu asitie sahihi fomu ya kukubali matibabu haya kabla hajaelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni nini kitakachochomwa, kitachomwaje, na kitakuwa nini baadaye.

Tuanze na ugonjwa wenyewe

Msomaji, damu hushuka miguuni kupitia mishipa iitwayo ateri, ikisukumwa na moyo. Kurudi juu ni shughuli nyingine. Damu hiyo hupitia mishipa iitwayo vena, na kinachoisukuma hasa ni misuli ya shavu la mguu kila mtu anapopiga hatua. Ndani ya vena mna vilango vidogo, ambavyo madaktari huviita vali, vinavyofunguka kuelekea juu tu. Damu ikishapita, kilango hujifunga ili isirudi chini.

Vilango hivyo vikilegea, damu hurudi chini na kutuama. Mtu akisimama tuli, shinikizo la damu katika vena za kifundo cha mguu hufika milimita 80 hadi 90 za zebaki. Mwenye vena nzima akitembea, shinikizo hilo hushuka hadi 30 hivi. Kwa mgonjwa mwenye vilango vibovu halishuki ipasavyo, hata atembee kutwa nzima. Vena zilizo karibu na ngozi hutanuka, zikajipinda na kuonekana kama kamba za buluu.

Ugonjwa huu hufuata ukoo, huongezeka kadiri umri unavyosonga, na huzidishwa na uja uzito na unene. Wanaofanya kazi ya kusimama, kama vile walimu, wauguzi, vinyozi na mabawabu, huhisi adha yake zaidi. Mwanzoni mguu huwa mzito jioni, huvimba na kuwasha. Baada ya miaka, ngozi iliyo juu ya kifundo hugeuka kuwa nyeusi na ngumu, na mwishowe hupasuka ikawa donda ndugu. Kuna watu waliouguza donda la namna hiyo kwa miaka mingi, wakimaliza malhamu na vidonge vya viuavijasumu, na wengine wakiambiwa kwamba wamekanyaga uchawi, ilhali kisa chote ni vilango vilivyolegea huko juu pajani.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wasemao kwamba matibabu haya ni mambo ya urembo. Mwaka 2018 matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 450 wenye vidonda vya aina hii yalitangazwa. Wote walifungwa bendeji za kubana. Nusu yao walitibiwa vena mapema kwa njia hizi mpya, yaani kwa joto au kwa povu la dawa, na wengine wakangojea. Nusu ya vidonda vya waliotibiwa mapema vilikuwa vimepona kufikia siku ya 56. Kwa wale waliongojea, ilichukua siku 82 kufikia hapo. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, tofauti ya siku 26 ni kodi ya nyumba.

Moto hufanya nini hasa?

Zamani, tangu mwanzoni mwa karne ya 20, daktari mpasuaji alikuwa akipasua kinena, akaifunga vena kubwa ya mguu mahali inapoungana na vena ya ndani, kisha akaing'oa kwa waya. Mgonjwa alilazwa, akapewa nusukaputi au sindano ya uti wa mgongo, naye alitoka hospitalini na paja lililovilia damu. Upasuaji huo bado unafanywa katika hospitali nyingi, na mikononi mwa mpasuaji hodari si tiba mbaya.

Njia mpya zilianza kushika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1990. Badala ya kung'oa vena, daktari huichoma kwa ndani na kuiacha pale pale. Hutoboa tundu dogo karibu na goti au chini yake, akapitisha mpira mwembamba ndani ya vena hadi karibu na kinena, huku akitazama kwa mashine ya altrasaundi, ile ile inayotumiwa kumwangalia mtoto tumboni. Ndani ya mpira huo mna waya wa kutoa joto au uzi wa kioo wa kupitisha mwale wa leza.

Sasa fikiria kipande cha nyama kikiwekwa juu ya makaa. Kwanza hubadilika rangi, kisha hujikunyata, na kikisahauliwa huungua kikawa cheusi. Ukuta wa vena hupitia hatua hizo hizo. Joto likifika nyuzi 60 za sentigredi hivi na kupanda, protini zake huganda kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango. Utando laini wa ndani hufa. Nyuzi ngumu za kolajeni, ambazo ndizo zinazoupa ukuta nguvu, hujikunja na kufupika, na tundu la vena likapungua upana. Joto likifika nyuzi 100, maji yaliyomo huchemka na kuwa mvuke. Likizidi hapo sana, nyama huwa mkaa.

Hapa ndipo leza na mawimbi ya redio hutofautiana. Katika njia ya mawimbi ya redio inayotumika sana, kipande cha waya chenye urefu wa sentimita 7 hupashwa hadi nyuzi 120 kwa sekunde 20, kisha huvutwa chini na kuwashwa tena. Vena ya sentimita 42 humalizika kwa vipande sita, na kile cha kwanza kilicho karibu na kinena kwa kawaida huchomwa mara mbili. Mashine yenyewe hulipima joto na kulidhibiti. Leza ni kali zaidi: kwenye ncha ya uzi wake joto huweza kupita mamia ya nyuzi. Leza za kwanza, za nanomita 810 hadi 980, zilichoma hasa kupitia chembe nyekundu za damu, na ncha tupu ya uzi iliweza kuutoboa ukuta wa vena hapa na pale. Damu ilivuja nje, na mgonjwa akabaki na maumivu na alama nyeusi pajani kwa siku kadhaa. Leza za baadaye, kama zile za nanomita 1470, humezwa zaidi na maji yaliyomo katika ukuta wenyewe, na zikitumiwa na ncha inayotawanya mwale pande zote, huumiza na kuvilisha damu kidogo kuliko zile za awali.

Kuna jambo moja ambalo wagonjwa wachache sana huelezwa. Lengo la moto huu ni kuuharibu ukuta wa vena kutoka ndani hadi nje, na wala si kuigandisha damu iliyomo tu. Damu iliyoganda peke yake huyeyushwa na mwili, na vena ikafunguka tena baada ya miezi michache. Ukuta ukiharibiwa vya kutosha, mwili huleta chembe za kusafisha na za kujenga kovu, na vena hugeuka kuwa kamba ngumu iliyoziba. Kamba hiyo hunywea polepole, na baada ya miezi 6 hadi 12 mara nyingi haionekani tena hata kwa altrasaundi. Damu haikosi njia, kwa sababu sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita katika vena za ndani kabisa, zilizo katikati ya misuli.

Kwa hiyo joto dogo mno huirudisha kazi mwanzo, na joto jingi mno huumiza jirani. Kati ya hayo mawili ndipo unapopimwa ujuzi wa daktari.

Majirani wa vena

Vena haiishi peke yake. Chini ya goti, vena kubwa ya mguu huandamana na neva inayopeleka hisia kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mguu. Vena ndogo ya nyuma ya shavu la mguu nayo ina neva yake ya kando. Moto ukifika huko, mgonjwa hubaki na ganzi au hisia ya kuchomwachomwa. Mara nyingi hali hiyo hupungua kadiri wiki na miezi inavyopita, lakini kuna wachache ambao haiwaachi.

Ili kuwakinga majirani hao, daktari huzungushia vena maji mengi ya chumvi yaliyochanganywa na dawa ya ganzi. Maji hayo huzuia maumivu, huikamua vena ili ikumbatie waya, na hulimeza joto lisifike kwenye neva na ngozi. Ukisikia unadungwa sindano nyingi kando ya paja kabla ya mashine kuwashwa, usilalamike. Hizo ndizo ngao zako.

Jirani mwingine ni vena ya ndani iliyopo kinenani. Daktari hutakiwa kuanza kuchoma sentimita 2 au zaidi kutoka pale vena mbili zinapokutana. Akikaribia mno, donge la damu laweza kujitokeza ndani ya vena kubwa, na donge likikatika laweza kusafiri hadi mapafuni. Jambo hili hutokea kwa nadra, lakini ndilo linaloweza kuua. Shavu la mguu likivimba na kuuma sana baada ya matibabu, au ukikosa pumzi, au kifua kikauma ghafla, usingojee miadi yako. Nenda hospitalini saa hiyo hiyo.

Tusisahau ngozi pia. Vena iliyo karibu sana na ngozi ikichomwa, yaweza kuacha mstari mweusi, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi mstari huo hukaa muda mrefu. Anayekwenda kutibiwa ili avae rinda bila aibu anastahili kuambiwa hili mapema.

Mwaka uliopita alinijia mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, miezi miwili baada ya kuchomwa vena katika kliniki moja ya kibinafsi. Mguu ulikuwa umepona vizuri. Uzito ulikuwa umekwisha na uvimbe umeshuka. Hata hivyo alikuwa na ganzi upana wa kiganja juu ya kifundo, na kwa wiki nane nzima alikuwa akiamini kwamba anapooza. Alikuwa ameanza hata kutafuta mtu wa kumlelea watoto. Maelezo ya dakika tano yalimtuliza. Nilijiuliza kwa nini dakika hizo tano hazikupatikana kabla ya moto kuwashwa.

Sheria iko upande wako

Baadhi ya madaktari wenzangu husema kwamba mgonjwa akielezwa mengi huogopa, akakimbia tiba inayomfaa. Naielewa hofu hiyo, lakini siikubali. Kwa maoni yangu, mgonjwa aliyeambiwa kwamba kati ya siku ya tano na ya kumi atahisi kama kamba inavutwa ndani ya paja hatashtuka siku hiyo ikifika. Atatembea kama alivyoagizwa, na kutembea ni sehemu ya dawa. Asiyeambiwa hulala kitandani kwa hofu, na kulala huko ndiko kunakokaribisha madonge ya damu.

Isitoshe, hili si suala la hisani ya daktari. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ya nchi hii inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, madhara na gharama zake, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Fomu ya Kiingereza ya kurasa tatu inayoletwa mgonjwa akiwa tayari amevaa gauni la hospitali haitimizi hilo.

Usiipuuze tiba yenyewe

Nisieleweke vibaya. Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo hutoa mwongozo wa tiba nchini humo, ilisema mwaka 2013 kwamba mgonjwa mwenye vena kubwa inayovuja atibiwe kwanza kwa joto, kama anafaa. Ikishindikana, apewe povu la dawa, na upasuaji uje baadaye. Utafiti wa Denmark uliotangazwa mwaka 2011 kwa wagonjwa 500 ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa mawimbi ya redio au kwa povu walirudia shughuli zao mapema na kuumia kidogo kuliko wa leza au wa kisu, ingawa povu lilishindwa mara nyingi zaidi kuifunga vena. Nyuzi za leza zilizotumika huko zilikuwa za ncha tupu. Ipo pia gundi ya kuziba vena bila joto, ambayo haina hatari ya kuunguza neva, ingawa baadhi ya watu huidhuru miili yao kwa mzio. Kila tiba ina mahali pake.

Na hakuna kati ya hizo inayozuia vena nyingine isilegee miaka ijayo. Anayekuahidi kwamba hutaona mshipa tena maishani anakuuzia maneno.

Maswali matano

Kuuliza si ujinga. Kabla hujalipa hata shilingi, muulize daktari wako haya.

Kwanza, ni vena gani inayovuja, na je, imepimwa kwa altrasaundi nikiwa nimesimama? Anayetaka kukuchoma kwa kukutazama kwa macho tu, mwage na uende zako. Vena ambayo haivuji isiguswe. Vena hiyo hiyo ya mguu ndiyo ambayo wapasuaji wa moyo huichukua kutengeneza njia mpya ya damu pale mishipa ya moyo inapoziba, na hujui kesho yako.

Pili, je, vena zangu za ndani ziko wazi, na ateri zangu zinapitisha damu vizuri? Vena za ndani zikiwa zimeziba, hiyo unayotaka kuichoma huenda ndiyo njia pekee iliyobaki.

Tatu, utatumia joto la aina gani, na utaanzia na kuishia wapi? Akisema atashuka hadi chini kabisa ya shavu la mguu, muulize kuhusu neva.

Nne, nani atakayeishika mashine, na nitarudi lini kupimwa tena? Kipimo cha altrasaundi katika siku za kwanza baada ya matibabu humwonyesha daktari kama vena imefungika na kama kuna donge lililojitokeza kinenani.

Tano, njia nyingine ni zipi, na jumla ya gharama ni kiasi gani? Kampuni zingine za bima huyahesabu matibabu haya kuwa ya urembo. Pata jibu la bima yako kwa maandishi kabla ya siku yenyewe, si baadaye. Kama ngozi ya kifundo imeanza kuwa nyeusi au una kidonda, mwombe daktari ayaandike hayo waziwazi katika barua yake.

Wako wanaopaswa kungoja. Mama mjamzito asichomwe, kwa sababu vena nyingi hunywea zenyewe baada ya kujifungua. Mwenye donge la damu mguuni kwa sasa, au asiyeweza kutembea, naye atibiwe hayo kwanza. Kwa wote, wakiwemo wasio na fedha za leza, bado kuna mambo yasiyo na gharama kubwa: kutembea kila siku, kupunguza uzito, kuinua miguu juu ya kiwango cha moyo jioni, na kuvaa soksi za kubana baada ya daktari kuhakikisha kwamba ateri ziko sawa. Mambo haya hayakiponyi kilango kilicholegea, lakini huupunguzia mguu mzigo.

Ukiona ngozi iliyo juu ya kifundo inaanza kubadilika rangi, usingoje ipasuke. Nenda ukapimwe. Na ukifika huko, nenda na maswali hayo matano yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, ukae kitini hadi yote yajibiwe.